Gari likitoka gereji, karatasi na spea ya zamani vitoke nalo

Mfanyabiashara anayevuka mpaka huwa na hesabu zake kichwani. Anajua bei ya gunia la vitunguu upande huu na upande wa pili. Anajua wapakiaji wanadai nini siku ya soko na siku ya kawaida. Anajua kwamba bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa pale pale mpakani. Hesabu moja tu humwachia mtu mwingine aifanye peke yake, nayo ni hesabu ya gereji. Fundi husema gari limepona, fedha hulipwa, injini huwashwa na safari huendelea. Kilichofungwa, kilichotolewa na kilichoachwa, hakuna anayekiandika.

Mazoea haya yanapaswa kukoma, na wa kwanza kuyakomesha ni mfanyabiashara mwenyewe. Kila matengenezo ya gari la biashara linalovuka mpaka yamwachie mwenye gari vitu viwili mkononi: karatasi inayoeleza kazi iliyofanyika, na spea ya zamani iliyotolewa. Pasipo vitu hivyo, fedha iliyolipwa Kahama haimsaidii mtu aliyekwama Kayonza, na kazi iliyofanyika Kampala haina shahidi Gatuna.

Spea mbili ndogo zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili: themostati na beringi ya gurudumu. Zote zimejificha, mteja hazioni gari likiwa limesimama. Zote hufanyiwa kazi ya harakaharaka. Na zote, zikifanyiwa kazi mbovu, hazimsumbui mtu mlangoni pa gereji. Humsumbua njiani, usiku, akiwa na mzigo, katika nchi isiyo yake.

Themostati ni mlango mdogo unaokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa ya baridi, mlango hujifunga ili maji yazunguke ndani ya injini tu na ipate moto upesi. Maji yakifika kwenye joto lililopangwa, ambalo kwa magari mengi madogo ya Toyota ni karibu nyuzi 82, nta hutanuka, mlango hufunguka na maji huenda kupozwa kwenye rejeta. Mlango ukigoma kufunguka, gari huchemsha. Ukigoma kujifunga, injini hufanya kazi ikiwa na ubaridi, hula mafuta zaidi na huchakaa kabla ya wakati wake.

Dawa inayotolewa katika gereji nyingi za Afrika Mashariki inajulikana. Themostati hutolewa, hutupwa, na nyingine haiwekwi. Maelezo yake yanajulikana pia: eti spea hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, huku kwetu kwenye jua haina kazi. Maelezo hayo hayana msingi. Joto la kazi la injini hupangwa na mtengenezaji wake, nalo ni lile lile gari likiwa Tokyo au Tabora. Na anayeondoka Kabale au Limuru alfajiri anajua kwamba Afrika Mashariki nayo ina baridi yake.

Lipo jambo la pili ambalo mafundi wachache humweleza mteja. Katika injini nyingi, themostati hufanya kazi mbili kwa pamoja. Inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, wakati huo huo huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ikitolewa, njia hiyo ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare dereva haoni tatizo. Huona tu sindano ya joto ikichelewa kupanda, akafurahi kwamba gari limepoa. Kwenye mlima, akiwa na mzigo, gari hilo hilo linaweza kuchemsha kuliko lilivyokuwa likichemsha kabla ya kupelekwa kwa fundi.

Na njia za wafanyabiashara hawa ni za milima. Kutoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, barabara ya kwenda Bugarama hupanda zaidi ya mita 1,000 katika umbali usiofika kilomita 50. Kutoka Gatuna hadi Kigali ni vilima mfululizo. Kigali yenyewe iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi karibu 95 badala ya 100. Ndiyo sababu mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo ni wa muhimu, na ndiyo sababu gari lililokuwa zima Dar es Salaam linaweza kuanza kutoa mvuke likifika Rwanda.

Gari likichemsha sana, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, maji huingia kwenye oili. Kazi ya saa moja hugeuka kuwa kazi ya siku kadhaa, na nyanya zilizo nyuma ya gari hazina siku hizo. Yote haya kwa kukwepa kununua moja ya spea za bei ndogo kabisa katika mfumo mzima wa kupoza injini.

Ubaya zaidi ni kwamba kutoa themostati huficha ugonjwa wenyewe. Gari huchemsha kwa sababu nyingi: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, mfuniko uliolegea, au kutu iliyotokana na kujaza maji ya bomba miaka nenda miaka rudi badala ya maji maalumu ya rejeta. Themostati yenyewe hupimwa kwa urahisi. Huzamishwa kwenye sufuria ya maji, maji yakachemshwa, na kila aliye pale akaona kwa macho yake kama mlango unafunguka au la. Fundi anayeitoa bila kuipima anabahatisha, na anayelipia bahati nasibu hiyo ni mwenye gari.

Beringi ya gurudumu ina tabia tofauti. Yenyewe hutoa taarifa mapema. Huanza na ngurumo ya chini inayofanana na ya tairi kwenye lami mbovu. Ngurumo hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na haibadiliki hata dereva akiweka gia huru. Gari likikata kona kushoto, uzito huhamia kulia. Ngurumo ikizidi hapo, mara nyingi mgonjwa ni gurudumu la kulia. Fundi akipiga jeki, akashika tairi juu na chini na kulitikisa, atausikia mchezo. Akilizungusha kwa mkono, atasikia mkwaruzo.

Anayepuuza taarifa hiyo hununua hatari. Beringi inayokufa hupata moto, hula habu, na mwisho wake gurudumu huweza kuchomoka. Dereva aliyezoea kuendesha upande wa kushoto akivuka Rusumo au Gatuna huhamia upande wa kulia, na akili yake yote huwa kwenye barabara. Huo si wakati wa kuanza kusikiliza gurudumu. Abiria waliopanda juu ya mzigo na mama anayetembea kando ya lami hawakushiriki katika mapatano ya bei kule gereji, lakini wanaweza kuyalipa.

Kuibadilisha beringi nako kuna njia sahihi na njia ya mkato. Katika malori madogo na magari mengi ya zamani, gurudumu huwa na beringi mbili za koni, kila moja na kombe lake ndani ya habu. Koni na kombe hubadilishwa kwa pamoja, kwa sababu kombe lililokwisha kuchimbika huiua koni mpya. Nati ikikazwa kupita kiasi beringi huungua. Ikilegezwa, gurudumu hucheza. Magari mengi madogo ya kisasa yana beringi iliyofungwa kiwandani, na nyingi kati ya hizo huingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Fundi asiye na mashine huchukua nyundo. Kila pigo linalopita kwenye gololi huacha alama isiyoonekana kwa macho, na beringi iliyotoka kwenye boksi asubuhi huanza kuunguruma kabla mwezi haujaisha. Sili iliyochanika ikirudishwa, maji na vumbi la barabara humaliza kilichobaki.

Kisha kuna suala la spea yenyewe. Katika soko lolote kubwa la spea, liwe la Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Kigali, spea halisi, za bandia na za mtumba huuzwa jirani jirani. Beringi zenye majina makubwa kama SKF, NSK na Koyo ni miongoni mwa zinazoigwa. Boksi peke yake si ushahidi, kwa kuwa boksi nalo huchapishwa. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye boksi, maandishi yawe safi, na bei isiwe ya kushangaza. Mteja aliyemwachia fundi kila kitu hana nafasi ya kuyaona haya. Anaambiwa bei ya spea halisi, na chuma kilichofungwa anakijua aliyekifunga.

Mtu asiyevuka mpaka ana kinga kidogo. Gari likisumbua, humrudia fundi wake kesho yake, wakagombana, wakaelewana. Anayevuka mpaka hana kesho hiyo. Chukua mfano wa mtu aliyebadilishiwa beringi Kampala Jumatatu, na Alhamisi ngurumo ikarudi akiwa Kigali. Fundi wa pili hufungua, hutikisa kichwa na kusema yule wa kwanza hakuweka kitu kipya. Huenda ni kweli. Huenda anatafuta kazi. Hakuna karatasi wala chuma cha zamani cha kuamua kati yao. Mwenye gari hulipa mara ya pili kwa ugonjwa ule ule.

Wakati huo saa nyingine inakwenda. Gari lenye namba za nchi jirani huingia kwa kibali cha muda chenye siku zake, na siku hizo huendelea kuhesabiwa gari likiwa juu ya mawe gereji. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa hata Tanzania ambayo si mwanachama wa jumuiya hiyo, humlinda mtu wa tatu aliyeumizwa na gari. Hailipi gharama ya beringi wala ya silinda hedi. Mteja anayesubiri mzigo naye hasubiri milele.

Watasema risiti zipo. Ni kweli, serikali za ukanda huu zimesukuma risiti za kielektroniki kwa nguvu: Tanzania ina EFD, Rwanda ina EBM, Uganda ina EFRIS na Kenya ina eTIMS. Lakini risiti ya kodi husimulia habari za fedha. Kwenye mstari wa maelezo huandikwa neno moja, “matengenezo”, na neno hilo halisemi kama themostati mpya iliwekwa au ya zamani ilitupwa. Na gereji nyingi za chini ya mwembe, ambako magari mengi ya biashara ndogo hutengenezwa, hazitoi risiti ya aina yoyote.

Mafundi nao wana malalamiko yao, na mengi ni ya haki. Mteja hufika saa kumi jioni akitaka gari saa kumi na mbili, kwa sababu kesho ni siku ya soko. Hukataa kununua kombe jipya, hutaka koni tu. Huleta spea aliyoinunua mwenyewe kwa bei ya chini, kisha ikifa humlaumu aliyeifunga. Fundi akisema rejeta imeziba na inahitaji kusafishwa, mteja humuuliza kama hakuna njia nyingine. Njia nyingine ndiyo hiyo ya kutoa themostati. Ni kweli kabisa kwamba uzembe mwingi wa gereji umeagizwa na mteja mwenyewe.

Lakini malalamiko hayo yanaupa uzito wito wa kuandika. Karatasi ingesema kwamba fundi alishauri kombe libadilishwe na mteja akakataa. Ingesema kwamba spea ililetwa na mwenye gari. Fundi mwaminifu hana cha kuogopa hapo. Karatasi hiyo ndiyo inayomtenganisha na jirani yake mwenye nyundo. Wala haihitaji ofisi. Ukurasa wa daftari na picha mbili za simu, moja ya boksi jipya na moja ya chuma cha zamani, ni kazi ya dakika tano.

Karatasi yenyewe iwe na mambo machache: tarehe na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, tatizo lililolalamikiwa na kipimo kilichofanyika, jina na namba ya spea mpya, gurudumu lipi, la mbele au la nyuma, la kulia au la kushoto, aliyeileta spea, siku za dhamana, na simu na sahihi ya fundi. Kwa kazi ya rejeta na themostati, iandikwe kwamba hewa ilitolewa kwenye mfumo, na maji yakaguliwe asubuhi yake injini ikiwa ya baridi. Kwa kazi ya gurudumu, nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kabla fedha haijatoka mfukoni, spea ya zamani iwe mkononi mwa mwenye gari. Anayesema ameitupa aulizwe ameitupa wapi.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Vyama na ushirika wa wafanyabiashara wa mipakani vina uwezo wa kwenda mbali zaidi. Chama chenye magari thelathini ni mteja mkubwa kwa gereji yoyote ya mji wa mpakani. Kinaweza kuchagua gereji moja upande huu na moja upande wa pili, zikakubaliana kutumia fomu moja na kuheshimu dhamana ya kila mmoja, na ile isiyotimiza ikakosa magari yote thelathini. Fomu hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Fundi wa Goma au Bujumbura aliyejifunza kazi kwa Kifaransa huita beringi kwa jina la Kifaransa, wa Nairobi huiita kwa la Kiingereza, lakini wote wawili wanaelewana kwa Kiswahili wanapopatana bei.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haianzi kutoka sifuri. Ina sheria ya viwango na ubora ya mwaka 2006, ambayo chini yake alama za ubora za nchi wanachama hutambuliwa. Ina sheria ya kudhibiti uzito wa magari, yenye kikomo cha tani 56, na mizani kwenye barabara kuu hupima kila ekseli. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana kati ya nchi wanachama. Fundi wa gereji, ambaye mikono yake ndiyo inayoliweka soko la pamoja barabarani, hayumo katika orodha hiyo. Ekseli hupimwa uzito kila mara, ila hakuna anayeuliza ni nani aliyefunga beringi iliyoubeba uzito huo.

Katika vituo vya pamoja vya mpakani kama Rusumo, Malaba na Busia, maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja ili msafiri amalizane nao wote mahali pamoja. Lilionekana jambo gumu, likawezekana. Kama forodha mbili, zenye sheria na bendera tofauti, zimeweza kuhudumu chini ya paa moja, gereji mbili zinaweza kuheshimu ukurasa mmoja wa daftari.

Hadi siku hiyo ifike, kila mwenye gari aanze na la kwake. Kabla ya safari ijayo, amuulize fundi wake swali moja: themostati ya gari hili ipo, au ilishatolewa? Wengi watashangazwa na jibu. Ni afadhali walipate wakiwa nyumbani kuliko kulipata kwenye mlima wa Bugarama.